Mvua ya Alfajiri Ni ya Jana

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, poleni sana na msiba, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Mimi ni kaka wa mjane, yaani shemeji yake marehemu, nimekabidhiwa karatasi hii niisome kama ilivyo, lakini wanaonijua wanajua kwamba hilo siliwezi, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu, ambaye mtaani tulimwita Bwana Mawingu, alizaliwa tarehe 17 Juni 1952, akiwa mtoto wa pili wa baba fundi viatu na mama mwalimu wa chekechea, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1970, kisha chuo cha hali ya hewa alikohitimu Desemba 1972. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba tangu utotoni alitembea huku anatazama juu, na makovu ya magotini yalikubaliana naye.

Januari 1973 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa kama mpimaji, na mwaka 1986 televisheni ikamchukua awe anasoma utabiri baada ya taarifa ya habari, akiwa na koti lake moja la kijivu na fimbo ya kuonyeshea ramani, na asubuhi bado akipita kituoni kusimamia vipimo. Kinamama wa mtaa wetu walimzoea, wakimwita kutoka upande wa pili wa ukuta, Bwana Mawingu, leo tuanike au tusianike, naye akitoka na mswaki mdomoni, akitazama juu, akiwajibu anikeni ila msiende mbali. Siku ya mwisho ya kila mwezi alisoma pia rekodi za mwezi huo, joto la juu kabisa, mvua kubwa kabisa na mwaka uliokuwa mkavu kuliko yote, na katika nyumba nyingi watu waliacha kutafuna wakamsikiliza.

Tarehe 4 Septemba 1982 alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa Agosti 1984 na wa kike aliyezaliwa Mei 1987, ambaye ndiye huyu fundi umeme mnayemwona ameketi karibu na mama yake.

Hapa karatasi inasema tu kwamba mtoto wa kwanza alifariki tarehe 1 Machi 1991, kisha inaruka kwenda kwenye kupandishwa cheo, lakini dada yangu amenitazama na kuniambia kaka, sema, kwa hiyo nasema.

Jioni ya tarehe 28 Februari shemeji yangu alisimama mbele ya ramani akasema usiku utakuwa shwari, na mawingu machache tu, akarudi nyumbani, wakala, wakalala. Alfajiri mvua ikaja kama imetumwa, ukuta wa nyuma ukalowa, ukaangukia chumba cha mtoto, na majirani walipofanikiwa kumtoa, kulikuwa kumekucha na mtoto hayupo tena duniani. Nilifika nikamkuta dada yangu sakafuni na mwanawe mapajani, nikauliza baba mtu yuko wapi, nikaambiwa ameenda kazini kupima mvua.

Wenye kazi hiyo hupima mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na maji yaliyokutwa kwenye kopo huandikwa kwenye tarehe ya jana, ndiyo kanuni yao, waliikuta na wataiacha. Shemeji alifika kituoni na matope hadi mapajani, mpimaji wa zamu akiwa amekwama barabarani, akapima mwenyewe, milimita tisini na nne, akaziandika tarehe 28 Februari. Baada ya hapo Machi nzima haikunyesha, na ndivyo Machi ile, iliyoanza na mvua iliyomuua mwanawe, ilivyoingia kwenye rekodi kuwa Machi kavu kuliko zote.

Basi kila mwaka, tarehe 31 Machi, alisimama pale na koti lake akawaambia watu wote kwamba mwaka 1991 mwezi huo haukupata hata tone. Dada yangu, aliyekuwa amerudi kwetu na binti yake kwa mwaka mzima kabla ya kukubali kurudi kwake, alimwomba jambo moja tu, auache mwaka huo, asiutaje, kwani nani angejua. Mkuu wake pale televisheni naye alimwambia hivyo hivyo. Akakataa, akisema akificha namba moja, zile nyingine zote zitakuwa porojo, na miaka yote hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2012, mstari ule ulipokaribia, dada aliinuka akaenda jikoni akafungulia bomba, maji yakamwagika mpaka taarifa iishe. Mimi nilimwona mtu mwenye roho ngumu, na nilimwambia usoni. Lakini usiku wa mvua hakuwahi kulala tena kitandani, alikaa kwenye kiti, mgongo wake ukiegemea mlango wa binti yake, hata binti alipokuwa mtu mzima amekuja tu kuwasalimia.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akaingia na kutoka hospitali, na Oktoba mwaka huu wa 2023 akalazwa asitoke tena. Ni humo wodini dada yangu alipomuuliza lile alilokuwa amelimeza miaka yote, kwa nini siku ile uliniacha na mtoto mapajani. Akamjibu taratibu kwamba alikuwa amewaambia watu usiku utakuwa shwari, na kama asingeipima ile mvua pasingebaki mahali popote panapoonyesha ilikuwa kubwa kiasi gani, halafu akasema, mama, niliiandika tarehe 28, siku mwanetu alipokuwa bado anacheza uani.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Novemba, mvua ikinyesha, alifariki, dada akiwa amemshika mkono. Kulipopambazuka dada alimpigia simu mpimaji wa kituo, kijana aliyefundishwa kazi na marehemu, akamwambia apime vizuri, na baada ya saa tatu asubuhi akapewa jibu, milimita kumi na moja, tarehe 8. Nikataka kubisha, maana mvua tuliisikia wote juu ya bati la wodi na tarehe 8 ilikuwa kavu kabisa, lakini dada akaniwekea mkono begani akasema, iache, tarehe 8 alikuwa bado ananijibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kituo na televisheni, na majirani, hasa wale waliofukua ukuta kwa mikono mwaka 1991 ambao hatukuwahi kuwashukuru hadharani. Ameacha mjane, binti mmoja, na shemeji mmoja mwenye mdomo.

Shemeji, leo hapa pamekauka na nguo zimeanikwa. Usikae tena mlangoni, binti yuko salama. Lala, upumzike kwa amani.