Gia ya Pili Mpaka Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo naomba msipige makofi mpaka nimalize. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlinipigia, na makofi yale yamenitesa.

Mnanijua, mimi ndiye dereva wa basi letu dogo la kwaya. Mnakumbuka tulivyotoka hapa Mbulu kwenda mkutano wa injili Hirbadaw, breki zikakataa mteremkoni, nikaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo ili lisimame. Mama Paulina wa sauti ya pili akavunjika mkono. Jumapili yake nikawaambia hapa kwamba shetani alishika breki, Bwana akatuokoa. Ndugu zangu, Bwana alituokoa kweli. Shetani nilimsingizia.

Sisi madereva tuna tabia moja mbaya. Tukifika mteremko tunaweka nyutro, gari linashuka lenyewe bila gia, dizeli inabaki. Siku ile nilifanya hivyo. Kazi yote ikaangukia breki, zikachemka, zikaisha nguvu. Nilijua, nikanyamaza.

Tangu hapo nikawa mtu wa hofu. Hata kateremko ka kuingia sokoni kalinitoa jasho mikononi. Kwaya ikiimba nyuma yangu, mimi nasikia yowe la Mama Paulina tu.

Wazee wa kanisa wakanipeleka kozi ya juu ya udereva. Siku ya mtihani tukapangiwa mteremko uleule! Mkufunzi, mama mtu mzima, alikaa pembeni yangu na karatasi zake. Niliogopa mno, na katika kuogopa mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaweka nyutro.

Hakunifokea. Alisema, "Breki bado unazo. Punguza mwendo, ingiza ya pili, usiitoe mpaka chini."

Nikaingiza. Injini ikaunguruma, gari likatulia. Nikashuka nalia. Miaka yote nilikuwa namwomba Bwana ashike gari ambalo mimi mwenyewe nimeliachia!

Mtihani alinifelisha, na ilikuwa haki. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Paulina. Nilimkuta anachambua maharage kwa mkono mmoja, ule mwingine bado hauna nguvu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Nilikuwa kiti cha nyuma yako," akasema. "Nilikuona ukitoa gia, mwanangu. Nimekuwa nakungoja useme."

Ndugu zangu! Alijua siku ile mnanipigia makofi, na hakunitia aibu.

Nimerudia mtihani, nimefaulu. Hofu haijaisha yote, sitawadanganya tena. Lakini sasa naiweza, maana sina ninachoficha. Namshukuru Bwana. Na wewe uliyekaa hapo na jambo lako, liseme kwake, kisha nenda kwa uliyemuumiza. Mtumaini Bwana, atakushika.

Jumamosi asubuhi kwaya inakwenda tena Hirbadaw. Anayeogopa kupanda, simlaumu. Mama Paulina ameshaniambia nisimpe mtu kiti chake, kile cha nyuma yangu.