Vyerehani vya Kwenye Nailoni

Wazazi wenzangu, sikieni niliyoyasikia jana ndani ya basi. Fundi cherehani alikuwa akimsifia jirani yake wa kiti chuo cha ushonaji alichotembelea na bintiye. "Maua kila kona, dada! Na vyerehani vipya, bado vimo kwenye nailoni." Jirani, mpishi wa hospitali, akaguna. "Chuo kina miaka mingapi?" "Sita." "Miaka sita nailoni haijatoka? Wanafunzi wanashona kwa macho?" Fundi mzima, na hilo hakuliona! Hata mimi nisingeliona, maana mwanangu nilimchagulia chuo kwa picha tu. Fundi akampigia binti simu. "Mwanangu, fomu ya kujiunga usiipeleke. Kesho turudi tukaombe kushona kwa vile vyerehani." Binti akacheka hadi tukamsikia: "Mama, nami nilitaka kuomba, nikaogopa kukuaibisha!" Basi likasimama, fundi na mpishi wakashuka wakibishana kama kesho mlinzi wa chuo atawafungulia mama na binti chumba cha vyerehani.