Upande wa Kulia, Njia ya Kakese

Benchi letu la kahawa, pale njia ya Kakese inapoingia Mpanda mjini, ndilo lililomfundisha Nkwabi kuendesha baiskeli upande wa kulia. Sisemi kwa kujivunia. Asubuhi ile ya mwaka 1976 tulikuwa na kahawa yetu, tukiizungumza ajali yake. Jana yake lori lilimgonga uso kwa uso akitoka Kakese na gunia la mchele. Dereva alikuwa kushoto, upande wake halali. Nkwabi alikuwa hospitali, mguu umevunjika mara mbili.

Melkior, tuliyemwita Trafiki kwa kupenda kuelekeza watu, akaweka kikombe chini. Wazo lilikuwa lake: ukipita kulia, lori unaliona linavyokuja.

— Nilimwambia akiliona aruke kichakani. Kwa nini hakuruka?

— Na gunia je? akauliza Apolinari, yaani Injinia.

Injinia akashikilia kwamba dawa ni kupita katikati kabisa, maana madereva wanaogopa kesi. Yotham, ambaye ni Redio, akamzidi: mtu ayumbeyumbe kama katoka kilabuni, dereva mwenyewe atapunguza mwendo. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta nafasi ya kuchomeka langu.

Ndipo akatokea Marta, mke wa Nkwabi, anaisukuma baiskeli ile ile, gurudumu la mbele limenyooshwa kwa nyundo. Tukasimama wote kumpa pole. Akapokea, akatuamkia vizuri tu, na hilo ndilo lililonitisha.

— Gunia lingine limebaki Kakese, na watoto wanataka kula. Leo naendesha mimi. Mume wangu kasema niwaulize nyie, ndio mnajua. Nipite upande gani?

Trafiki akainua mkono kuelekeza, Marta akamwahi:

— Baba Melkior, wewe na baiskeli yako huwa unapita wapi?

Trafiki akatazama miguu yake. Marta akamgeukia Injinia, akamgeukia Redio, akanifikia mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwa na baiskeli. Benchi hili tunalifikia kwa miguu, miaka yote.

Akaelewa. Hakututukana, afadhali angetutukana. Akaishika njia ya Kakese akiisukuma baiskeli bila kuipanda, nasi tukamwangalia mpaka akapotea, na hatukujua hata kama upande alioushika ndio wenyewe.