Simu ya Mkunga Haijafa

Mgeni rasmi, meneja wa kampuni ya simu; mwenyekiti wa soko; wateja wetu,

KARIBU
Karibu ghorofani kwetu, juu ya maduka ya vitambaa. Feni mliyotuahidi mwaka juzi bado iko njiani, kwa hiyo tumekufungulia madirisha.

HISTORIA
Tulianza mafundi wanne kwenye meza moja, tukibadilisha vioo na betri. Kisha kampuni yako ikaanza kuacha kuzihudumia simu za zamani, ikizitangazia kifo ilhali hazijaumwa hata mafua. Tukajifunza kuziwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha, pamoja na kivinjari chake, ambacho hufungua kurasa bila kumchungulia mtu. Mkatuita matapeli. Sawa, lakini wagonjwa wetu walipona.

MAFANIKIO
Mmojawapo ni simu ya mkunga wetu, iliyodondoka kwenye karai akimpokea mtoto. Aliileta kwa fundi wetu mkuu, tunayemwita Bi Bisibisi.

"Mwanangu, kampuni wamesema hii niizike tu."

"Shangazi, wao si ndugu wa marehemu. Lete hapa."

Mpaka leo mkunga anasoma humo kumbukumbu za wajawazito kwenye ukurasa wa zahanati, popote alipo.

CHANGAMOTO
Ukurasa huo mnauendesha ninyi, na mwezi ujao utakataa kivinjari chochote kisicho chenu, nacho chenu hakiingii kwenye simu mlizozitangazia kifo. Eti ni usalama! Acheni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama akitokwa damu, na mkunga asiweze kuona kundi lake la damu, hapo aliye salama ni nani? Juu ya hayo, leo umekuja kutuzindulia pipa la kukusanyia simu zilizokufa. Mazishi tumeyaona mengi, ila muuaji kukata utepe wa jeneza ndiyo kwanza tunaona.

MAOMBI
Ofisi yako iliipitia risala hii, ikafuta ombi letu pekee: tuachieni ukurasa wazi. Haya mengine uliyoyasikia tumeyaandika leo asubuhi, baada ya ofisi yako kuturudishia. Basi hatuombi tena. Mkunga ameketi pale mlangoni, simu iko sikioni. Ukitoka, ichukue kwa mkono wako mwenyewe, uitie kwenye pipa lako. Ila msubiri kidogo amalize kuongea, maana kuna mwanamke ameshikwa na uchungu.

Mungu akupe umri mrefu, wala asiiachie kampuni yako kazi ya kuupanga.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Simu wa Ghorofani