Kibandiko Kiko Ndani ya Gunia: Miaka 41 ya Saimi Kellokumpu

Tarehe 30 Septemba Saimi Kellokumpu anastaafu, baada ya miaka arobaini na moja kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbegu. Mkuu wa kituo kaniambia niandike mimi, Aimo wa trekta, kwa sababu ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu ya kumtafuta mtu mwingine. Hakucheka. Basi nimeandika. Shule yangu mnaijua, iliishia pale mwalimu aliponichoka.

Saimi aliajiriwa mwaka 1983 kuhesabu mbegu. Unapanga mia moja kwenye karatasi iliyoloweshwa, unasubiri, unahesabu zilizoota. Mtu mwenye akili timamu angeacha kabla ya Krismasi. Yeye aliipenda kazi hiyo, akapandishwa cheo, akapewa chumba cha baridi. Humo ndimo zinamolala mbegu za zamani za huku kaskazini: shayiri, njegere, nyasi za ng'ombe, kila moja na jina la shamba ilikotoka. Chumba kilipojaa, akahamia friji ya chumba cha kahawa. Soseji zangu zilitolewa nje mara nne. Mara ya nne zilikwenda na mbweha.

Anachoamini ni kimoja, na nimekisikia mezani, kwenye trekta, na hata sauna, bafu letu la mvuke, kupitia ukuta wa upande wa wanawake. Mbegu ya shamba la zamani si mbegu moja, ni kijiji. Humo kuna mrefu na mfupi, anayewahi kuiva na anayechelewa. Kiangazi kikiharibika, hakosekani wa kupona. Hizi za kisasa zinafanana kama askari. Baridi ikimpata mmoja, imewapata wote.

Kati ya vijiji vyote, chake cha moyoni ni shayiri ya Perävaara. Inaiva kwa siku sabini na nane. Alipewa na Lempi, mama mwenye shamba hilo, mwaka wake wa pili kazini. Majira yale yale ya baridi Lempi akafariki, na shamba siku hizi ni msitu. Maana yake, shayiri hiyo ikimfia Saimi mkononi, hakuna mlango wa kwenda kubisha uombe nyingine.

Hiyo ndiyo shayiri niliyoioka mimi.

Ilikuwa 1999. Mbegu za Perävaara kwenye friji zilikuwa zimechoka, kwenye mia zinaota mbili, basi Saimi akachukua zilizobaki na nguvu, akazipanda upya kiangazi kile, tukavuna magunia mawili. Akayaacha kwenye nyumba ya kukaushia nafaka. Sasa, mama huyu haandiki kitu nje ya gunia. Anaandika kwenye kikaratasi, anakitumbukiza ndani, kwa sababu cha nje kinalowa na panya wanakitafuna. Mimi nikaona magunia mawili hayana jina. Gunia lisilo na jina, kwa kila mtu wa huku, ni chakula cha kuku. Nikayapeleka kinuni, nikampelekea dada yangu Martta unga, akaoka rieska, ile mikate yetu bapa. Jumamosi nikaiuza mbele ya duka. Saa sita haijafika, imekwisha. Na mteja wangu wa kwanza alikuwa Saimi. Alinunua miwili, akala mmoja palepale, akasema, "Aimo, hii imenikumbusha jikoni kwa Lempi."

Jumatatu akaenda kuchukua magunia yake.

Sitaandika yote aliyosema, kijarida hiki kinasomwa na mchungaji. Siku tatu nililala kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba ya kukaushia nikichomoa punje kwenye nyufa za mbao kwa kibanio cha nyusi cha Martta. Tulipata mia mbili na kumi na mbili. Saimi akazihesabu mara mbili, kwa sababu mimi nilikuwa nimehesabu.

"Kilikuwa kijiji, Aimo. Umekula kijiji kizima, umebakiza mashemeji."

"Na wewe umekula miwili."

Hakunisemesha wiki tatu. Tangu siku hiyo tumebishana miaka ishirini na mitano. Mimi nasema andika nje. Yeye anasema fungua gunia kabla ya kuiba. Hajawahi kuandika nje hata mara moja.

Siku aliponisemesha tena, ilikuwa ni kuomba gari. Alikuwa amekumbuka kwamba Lempi alikuwa na mdogo wake, Elna, aliyeolewa ng'ambo ya mto, Uswidi, na kwamba kwenye sanduku lake la harusi alibeba mfuko wa mbegu za kwao. Tukavuka daraja. Elna akatukaribisha, akamimina kahawa, na mimi, kikombe hakijapoa, nikauliza kama shayiri ya kwao bado ipo.

"Kuku waliimaliza," akasema Elna, akageukia dirisha. Kikombe cha pili hatukumiminiwa.

Tukaondoka, Saimi kando yangu kwenye gari. "Unaomba kwenye kikombe cha kwanza," akasema tulipofika darajani. "Wewe ulilelewa na nani?"

Wiki iliyofuata tukarudi, mimi nikiwa na amri ya kufunga mdomo. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha habari za nyonga ya Elna inayomuuma. Cha pili kilikuwa cha waliokufa. Cha tatu kilipomiminwa, Elna mwenyewe akanitazama akasema, "Haya, huyu domo kaya wako bado ana njaa ya shayiri?" Nyuma ya banda la kuku alikuwa na kishamba, amekipanda mbegu ileile kila mwaka tangu aolewe. Akatupa ndoo nzima. Saimi akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Yeye akakaa nyuma, mimi nikaambiwa niendeshe polepole.

Mashemeji wangu mia mbili wakarudishwa kwa ndugu zao. Saimi akawapanda, akawahesabu, akawapanda tena. Mwaka 2010 baridi ikaingia katikati ya Agosti, shayiri mpya za wataalamu zikageuka nyeusi zikiwa bado mbichi. Perävaara ilikuwa imevunwa siku nne kabla. Tangu hapo watafiti wa kusini wanakuja kuazima damu yake, na aina tatu mpya zimezaliwa nayo. Walimletea makala waliyoandika, jina lake liko chini kabisa, panaposhukuriwa watu. Aliisoma, akaikata, akatengeneza bahasha za mbegu.

Kumfundisha wa kumrithi, Inkeri, kumechukua miezi mitatu ya kelele. Binti wa watu ni hodari, lakini anabandika majina nje ya magunia, na kila akibandika, Saimi anapita nyuma anabandua. Nilidhani nitazimia. Nilihesabu siku za kufikia tarehe 30 kama yeye anavyohesabu punje.

Jumanne iliyopita nikaingia nyumba ya kukaushia. Gunia moja la Perävaara limesimama katikati ya sakafu, mahali mtu hawezi kulikosa hata akiwa na haraka ya kwenda sokoni. Limeandikwa kwa mkaa, nje, herufi kubwa kama mlango wa banda:

AIMO, HII SI UNGA. PANDA.

Nikalifungua. Ndani kikaratasi chake kilikuwepo vilevile.

Basi, Saimi, kwa niaba ya kituo kizima, ahsante kwa miaka arobaini na moja, na kwa kila mbegu iliyo hai kwa sababu ulikuwa mkaidi kuliko baridi na kuliko mimi. Nenda ukapumzike, afya iwe njema, samaki wale ndoana, na usihesabu kitu. Theluji ikiyeyuka nitalipanda hilo gunia mwenyewe, safu kwa safu. Najua utakuja kukagua. Kahawa itakuwa jikoni. Kunywa vikombe vitatu kwanza, ndipo uanze kulalamika.