Niliposema Najua Kuogelea

Tumsifu Yesu Kristo. Wa nyuma sijawasikia. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa najua hamjalala.

Kasinge waitu, wazazi wangu. Padre ameniomba niongee na vijana baada ya Misa, akanipa dakika kumi. Nikamwambia, Padre, Mhaya ukimpa dakika kumi anazimaliza kwenye kujitambulisha. Basi leo sijitambulishi. Wengi mnaniita Afande, na jina hilo nusura linizike. Sitamtaja mtu hapa. Anayejijua atajijua, akae kimya tu.

Mimi binti yenu nimekulia hapahapa Izigo, kibanjani, kwenye migomba na mibuni. Ukisimama nyuma ya jiko letu unaliona ziwa mpaka macho yanachoka. Tuliliona tu. Tata, baba yangu, hakuruhusu mtoto wake aguse maji yale. Alisema ziwani wanakwenda watu wasio na kibanja. Akipita mama muuza dagaa, ananunuliwa amesimama nje ya uzio. Na mnaijua desturi yetu: mgeni akikaa tu, kabla hujamuuliza lililomleta, unamletea akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, mnatafuna pamoja. Watu wa samaki hawakuletewa. Msiniangalie hivyo, haikuwa kwetu peke yetu.

Baada ya kidato cha sita nikachaguliwa chuo cha maofisa wa jeshi, kule kaskazini. Vijana, niwaeleze kidogo. Pale unasoma shahada kama mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu, na papo hapo unafunzwa uofisa. Asubuhi uko kwenye mhadhara, mchana uko kwenye kwata na silaha, jioni una kazi ya mhadhiri na buti za kung'arisha. Vitu hivyo viwili vimefungwa kamba moja. Kimoja kikikatika, na kingine kimekwenda.

Tata alichinja mbuzi wawili. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanyweka siku mbili. Aliposimama kuniaga akaniita Afande, na sikuwa nimevaa hata buti moja! Kuanzia hapo Izigo ikawa na afande wake. Watoto wakawa wananipigia saluti kisimani.

Wiki ya pili chuoni, mkufunzi akatupanga kando ya bwawa. "Wanaojua kuogelea, kulia. Wasiojua, kushoto." Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kushoto. Akaniuliza, "Wewe unatoka wapi?"

"Muleba, Kagera, afande."

"Ziwa Viktoria! Basi wewe ni samaki. Unajua kuogelea?"

Wenzangu wakageuka kunitazama. Ndugu zangu, nawaambia, sisi tunaweza kukosa chumvi ndani na tukavumilia, lakini kuulizwa mbele za watu kama unajua kitu, halafu useme hujui! Nani kati yetu? Nikasema, "Najua, afande." Nikaenda kulia.

Siku ile hatukuingia majini, majina tu yaliandikwa. Wale wa kushoto wakapangiwa mafunzo kila Jumamosi, mwaka mzima. Sisi wa kulia tukaambiwa tusubiri mtihani. Ningeweza kurudi kwa mkufunzi Jumatatu yake nikasema nimekosea. Nilipanga niende Jumanne. Jumanne nikaona aibu imeongezeka, kwa sababu sasa lazima nieleze na kwa nini sikwenda Jumatatu. Uongo una riba, vijana. Mwezi ulipoisha, ukweli hausemeki tena.

Nikajiambia vitabu vitaniokoa. Darasani nilikuwa wa kwanza, sijisifu, ilikuwa hivyo. Kila Jumamosi nilikaa maktaba, nasikia wenzangu wanapiga kelele majini.

Mwisho wa mwaka mtihani ukafika: unaruka na sare na buti, halafu unavuka bwawa. Nikaruka. Nilikuwa nafikiri labda mwili utajua wenyewe. Haukujua kitu. Nakumbuka kijani kitupu mbele ya macho, buti zinanivuta chini, maji yanaingia puani yanachoma kama pilipili. Aliyenitoa ni msichana wa Dodoma, mmoja wa wale wa kushoto. Kwao maji ni ya kuchota. Yeye alifundishwa kwa sababu alisema hajui.

Kesho yake nikasimama mbele ya maofisa watatu. Hawakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Mmoja akaniambia, "Kutojua kuogelea si kosa. Lakini ipo siku wakubwa wako watakuuliza kama unaijua njia, na nyuma yako wamesimama askari thelathini wanaokuamini. Siku hiyo utasemaje?" Nikasimamishwa, uofisa na shahada pamoja. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi minne, nirudie mtihani wa maji. Nikifaulu, nitarudia mwaka na kundi la nyuma yangu. Nikishindwa, nirudishe sare, basi. Nafasi moja tu.

Nikapanda basi la Bukoba. Mnajua basi hilo lazima lipite hapa. Lilipokaribia kituo chetu niliinama kama nafunga kamba za viatu, nikabaki nimeinama mpaka nikasikia tumeanza kushuka Kemondo. Jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na huo ndio ukweli pekee niliousema wiki ile.

Bukoba nikajibanza chumbani kwa rafiki yangu niliyesoma naye. Kila Jumapili baada ya Misa Tata alikuwa ananipigia simu, anaweka spika ili majirani wasikie.

"Afande, umekula?"

"Nimekula, Tata."

"Masomo?"

"Yanakwenda."

Nasikia watu wanacheka kwa furaha huko, wengine wako hapa leo. Na mimi nimekaa kwenye godoro la watu, sijala tangu jana yake. Nikikata simu nafunika kichwa kwa shuka. Nilijichukia, ndugu zangu. Sina neno jingine la kusema.

Kila asubuhi nilishuka ufukweni nijifundishe mwenyewe. Maji yakifika kiunoni, nazisikia tena zile buti, nakimbia nje. Watoto wadogo wananipita wanacheza humohumo. Wiki sita hivyo, na sikuelea hata kidogo. Miezi minne ilikuwa inaliwa.

Asubuhi moja niliingia mpaka kifuani, nikasimama. Hapa nitasema wazi, kwa sababu inawezekana kuna kijana ndani ya kanisa hili amesimama palepale: siku ile sikwenda kujifunza kuogelea. Nilikuwa nimechoka. Niliona ni rahisi Tata azike afande kuliko kumpokea muongo.

Nikasikia sauti kutoka mchangani. "We binti! Unafanya nini humo?" Ni mama mmoja alikuwa anasubiri boti ya kurudi Goziba, amekalia gunia lake. Akaja na kanga yake ndani ya maji, akanikamata mkono kama anavyokamatwa mtoto anayepotea sokoni. Akanitazama usoni. Nadhani alielewa.

"Unajua kuogelea?"

Swali lilelile. Na nawaapia, mdomo wangu ulitaka kusema najua. Hata pale! Nikaanza kulia. Nikasema, "Sijui, mama. Sijui kabisa."

Akasema, "Ndiyo useme. Kutojua kuna dawa. Twende."

Yule mama ni Mkerewe, alifuata dagaa huku miaka mingi. Hakuniuliza ukoo wangu wala shule yangu. Alinipakia kwenye boti, safari nzima nimeng'ang'ania gunia nimefumba macho, tukafika Goziba. Kisiwa cha mawe, mabanda ya mabati, na harufu ya dagaa mpaka kwenye chai. Asubuhi nilimsaidia kuanika, jua likipanda ananiingiza majini na dumu tupu la mafuta nimelikumbatia. Wiki ya kwanza hakunifundisha kupiga mikono. Kulala juu ya maji tu. "Legeza shingo," ananiambia. "Umekakamaa utadhani unakaguliwa." Wavuvi wakasikia mimi ni mwanajeshi ninayezama, ikawa sinema ya kisiwa. Walinicheka, kisha wakaanza kunielekeza, kisha siku nilipoachia dumu wakanipigia makofi.

Baada ya mwezi mmoja na nusu akaniambia, "Maji umeyajua. Sasa mpigie baba yako." Nikamwambia bora anirudishe palepale aliponitoa. Akasema, "Hupigi, hulali kwangu." Nikapanda juu ya mwamba, ndiko mtandao unakoshika.

"Tata, toa spika."

"Kuna nini, Afande?"

"Toa spika, Tata."

Nikamwambia yote, la bwawa, la basi, la Jumapili zote, na la asubuhi ile ufukweni, na kwamba niko Goziba kwa mama aliyenitoa majini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nilikaa juu ya ule mwamba nikajua sina baba. Siku tatu zilizofuata sizitamani kwa adui yangu.

Siku ya nne boti ikaingia. Ndani yake kuna mzee amevaa koti lake la Misa, ametapika mpaka kwenye kola, amekumbatia ubao kwa mikono miwili. Mtu ambaye hakuwahi kulowesha hata soli ya kiatu ziwani! Mvuvi akambeba mgongoni mpaka nchi kavu. Hakunisalimia. Akauliza, "Aliyekutoa majini yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, akakifungua, akamnyooshea yule mama kwa mikono miwili. Akamwani.

Yule mama aliitazama kwanza. Akasema, "Miaka yote nauza dagaa Muleba, hii naiona midomoni mwa watu tu." Wakakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wakatafuna pamoja, kimya. Ndipo Tata akanigeukia. "Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nalia," akasema. "Mimi ndiye niliyekupa cheo kabla ya jeshi. Ungerudije nyumbani kusema hujui?"

Nikarudi chuoni. Mkufunzi yuleyule, bwawa lilelile. "Wewe wa Muleba. Unajua kuogelea?"

"Najua kidogo, afande. Nimejifunza Goziba, kwa mama muuza dagaa."

Nikaruka. Nisiwadanganye, buti zilinivuta vilevile na woga ulikuwa uleule. Nikalegeza shingo. Nikapanda juu. Nikavuka lile bwawa polepole, nikatoka wa mwisho kabisa, mimi niliyezoea kuwa wa kwanza, nikalia mpaka nikaamriwa ninyamaze.

Leo nipo mwaka wa mwisho. Kamisheni, cheo chenyewe cha uofisa, bado, na lolote linaweza kutokea. Kwa hiyo mnaoniita Afande njiani, nawaomba mnisubiri kwanza. Na wazazi, mtoto anapoondoka, mwacheni na jina lake alilobatizwa. Vijana, ukiulizwa na hujui, nenda kushoto. Watu wa kushoto ndio wanaofundishwa. Na ukiwa umesimama kwenye maji yako, mwambie mtu yeyote aliye karibu, hata asiye wa kwenu, hata uliyefundishwa kumdharau.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru yule msichana wa Dodoma, rafiki yangu wa godoro, maofisa walionipa nafasi ya pili, na Tata, ambaye sasa anajifanya anapangusa miwani. Mwakola muno, asanteni sana.

Na yule mama yuko hapa. Amevuka jana, ziwa likiwa na mawimbi. Mgeukieni: amesimama pale nje ya mlango, kama alivyozoezwa na uzio wetu. Mama, mimi nimekukosea. Kwetu mgeni hutafuna kwanza ndipo watu waongee, nami nimeongea muda wote huu hujapewa kitu. Tata ana kifurushi mfukoni tangu asubuhi. Ingia ndani, mama. Pita mpaka mbele.