Kazi Iliisha, Moto wa Jikoni Haukuzima

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Baba Neema, wa hapa hapa Bunia, na leo siwezi kukaa kimya kwenye benchi.

Nilikuwa dereva wa shirika moja la misaada. Nilipeleka unga na mahema kwa watu waliokimbia vita Djugu. Mshahara ulikuja kila mwezi, tukaula wote. Nani angefikiri utakoma?

Kisha mama mkwe wangu naye akakimbia. Alifika kwetu na sufuria moja kichwani, yeye aliyekuwa na mashamba! Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe uso kwa uso. Alisema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia barazani: "Mwambie bwana yako asikule mushahara yote. Siye tulikuwa na ngombe, na asubuhi moja tukaacha vyote. Kazi nayo inaweza kukimbia."

Ndugu zangu, maneno yale yalinikaa moyoni! Tuliomba, mimi na mke wangu. Tangu hapo, kabla ya kununua hata chumvi, tuliweka kidogo pembeni kwa ajili ya kodi na magonjwa. Kingine kiliingia likelemba, kile chama cha akina mama wanaochanga na kupokea kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, ndugu walitaka tushone nguo za arusi ya jamaa. Tukanunua pipa, mafuta ya mawese na soda kali ya sabuni, maana mama mkwe alijua kutengeneza sabuni. Ya kwanza ilibaki uji. Ya pili pia! Majirani walicheka. Ya tatu ikaganda.

Halafu mkubwa wetu wa kazi akatukusanya uani pa shirika: mradi umefungwa. Madereva wenzangu, niliopita nao barabara za hatari, wakalia. Nilirudisha ufunguo wa gari, nikaenda nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimefunga na kuomba Mungu ailinde kazi ile! Njiani nilimuuliza, "Baba, mbona hukunisikia?"

Mke wangu alikuwa anakata sabuni. Aliweka kisu chini, akauliza:

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Machozi yalikuwa yananijia. Ndipo mama mkwe akasema nyuma ya binti yake: "Mwambie mukwe avue viatu ashike pipa. Mafuta iko tayari."

Haleluya! Nikavua viatu.

Juma lile lile Neema akashikwa na malaria kali. Hospitali ililipwa kwa kile tulichoweka. Mtoto yule pale, anaimba kwaya! Kazi ya gari sijapata, bado naitafuta. Lakini tunakula, tunalala kwetu, na sabuni yetu inauzwa mpaka Iga Barrière, kule Djugu. Mungu hakuilinda kazi yangu, alitulinda siye. Asante, Yesu!

Ndugu yangu uliye na kazi, mshukuru Mungu, na mshahara ukiingia, weka kitu kabla hujapita sokoni. Nawe ambaye yako imekwisha, usijifiche nyumbani. Njoo kwetu kesho. Pipa ni zito, tunahitaji mikono, na Bwana tunayemtegemea hajamchoka mtu. Semeni nami, Amina!